Meli inaondokea Durban, Dubai au Barcelona: mtu wa Kisumu alale wapi kabla ya kupanda?

Mtu wa Nairobi aliyelipia safari ya meli ya kitalii inayoondokea Durban ana hesabu nyepesi: anaamka, anaenda uwanja wa ndege wa JKIA, anaruka. Mtu wa Kisumu, Kakamega au Nakuru ana kipande kimoja zaidi cha njia, na mara nyingi hicho kipande kifupi ndicho kinachovuruga mipango mingine yote. Nacho ndicho wakala wa safari hukigusa kwa sentensi moja tu: "Utafika Nairobi mwenyewe."

Meli haingoji abiria. Lango la kupandia hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga, orodha ya majina ikakabidhiwa maafisa wa uhamiaji, na aliyechelewa hubaki gatini. Nauli yake hairudishwi. Ndege ikikuacha kuna ndege nyingine jioni au kesho yake, lakini meli ya wiki hii ni hiyo moja.

Kwa sisi tunaotoka magharibi, usiku mmoja wa hoteli kabla ya siku ya meli hauepukiki. Ndege ya kwanza kutoka Kisumu haikupi muda wa kuunganisha na kufika Durban au Dubai kabla lango halijafungwa siku hiyohiyo. Swali lililobaki ni usiku huo uulipie wapi: Nairobi, au kwenye mji wa bandari? Mimi naunga mkono mji wa bandari, na nitaeleza kwa nini, pamoja na pale ambapo Nairobi ina haki yake.

Ukiachwa, utaikuta wapi?

Watu hulinganisha safari za meli kwa bei ya chumba na picha za bwawa la kuogelea. Ningeanza na swali jingine kabisa: meli ikiondoka bila mimi, naweza kuifuata? Jibu linatofautiana sana kati ya bandari na bandari, na ndilo linaloamua ufike siku ngapi mapema.

Durban ndiyo rahisi zaidi kwa makaratasi. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza, kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Kinachotakiwa ni pasipoti yenye uhai wa kutosha (kampuni nyingi za meli hutaka miezi 6 baada ya safari) na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo anayekwenda kuchanjwa Jumatatu ili asafiri Ijumaa amejifungia mlango mwenyewe. Ukishachanjwa, cheti ni cha maisha.

Lakini kwa kuifuata meli, Durban ndiyo ngumu kuliko zote tatu. Safari fupi za kutoka pale hupanda pwani ya Msumbiji na kutia nanga mahali kama Pomene au kile kisiwa kidogo karibu na Inhaca kiitwacho Portuguese Island. Ni fukwe. Hakuna uwanja wa ndege unaoweza kushukia na begi lako na kuomba kupandishwa. Safari yenyewe ni ya usiku tatu au nne tu, kwa hiyo ukiachwa Durban, likizo imekwisha kabla haijaanza. Hapa kufika siku moja kabla ni lazima, isiwe jambo la kujadiliwa.

Dubai ni kinyume chake. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi huchukua takriban saa tano, na bandari inayofuata mara nyingi ni Abu Dhabi, kilomita zipatazo 140 kwa barabara nzuri. Aliyeachwa leo jioni anaweza kukodi teksi na kuungana na wenzake kesho, kampuni ya meli ikikubali. Ugumu wa Dubai uko kwenye viza: Mkenya anaihitaji, na kwa kuwa meli hutoka nje ya Falme za Kiarabu kwenda Doha au Oman kisha ikarudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Hakikisha iliyoandikwa ni ya kuingia zaidi ya mara moja, na uulize kila nchi iliyo kwenye ratiba inamtaka Mkenya awe na nini.

Barcelona iko mbali zaidi, ila ndiyo inayosamehe zaidi. Meli za pale huzunguka Marseille, Genoa, Palma na bandari nyingine zilizounganishwa kwa treni na ndege za kila siku, na viza ya Schengen inakubeba Uhispania, Ufaransa na Italia bila kusimamishwa mpakani. Tatizo ni njia ya kufika. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, hivyo utapitia Amsterdam, Paris, Istanbul, Doha au mji mwingine. Ukipitia Amsterdam au Paris, ukaguzi wa kuingia Schengen unafanyika hapohapo, katikati ya safari, na tangu Oktoba 2025 mpaka huo unachukua alama za vidole na picha za wageni kwa mfumo mpya. Kuunganisha kwa saa moja na nusu kulikotosha zamani sasa kunatia wasiwasi. Kwa Barcelona ningefika siku mbili kabla, hasa kwa mtu anayesafiri na wazazi wazee.

Mombasa nayo huulizwa kila mara, na ni haki iulizwe kwa kuwa ina kituo kizuri cha abiria wa meli na tunafika kwa treni ya SGR kutoka Nairobi. Ila meli nyingi za kitalii hutia nanga pale zikiwa njiani, na abiria wake wamepandia kwingine. Usijenge mpango wako juu ya Mombasa kabla kampuni haijakuthibitishia kwamba abiria wapya wanapandia hapo.

Kutoka nyumbani hadi JKIA

Kutoka Kisumu ndege huchukua kama dakika 45 hadi 50. Basi huchukua saa saba au nane kwa takriban kilomita 350, mambo yakienda vizuri. Bei hazifanani hata kidogo, na familia ya watu watano inaiona tofauti hiyo waziwazi. Sitamdharau anayechagua basi. Ninachomwomba ni kwamba asilichague basi la usiku linaloingia Nairobi alfajiri ya siku ileile ya ndege ya kimataifa.

Barabara hiyo ina njia nyingi za kukuchelewesha: ukungu kule Mau Summit, malori Salgaa, ujenzi wa kupanua barabara kuelekea Rironi, foleni ya Naivasha Jumapili jioni. Kisha kuna siku ambazo hakuna dereva anayeweza kuzitabiri. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, barabara kuu za kuingia Nairobi zilifungwa na polisi na mabasi ya kutoka mashinani yakakwama nje ya jiji. Aliyekuwa na ndege mchana huo hakuwa na la kufanya.

Ndege nayo si malaika. Ukungu wa alfajiri juu ya JKIA huelekeza ndege Mombasa, na ratiba ya siku nzima ikayumba. Marubani wa Kenya Airways waligoma Novemba 2022. Wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma tarehe 11 Septemba 2024 na JKIA ikasimama kwa saa nyingi. Tofauti ni kwamba ndege ya asubuhi kutoka Kisumu ikifutwa, bado una mchana mzima wa kutafuta nyingine. Basi likikwama Nakuru usiku wa manane, umekwama Nakuru.

Watu wa Bungoma, Kitale na Webuye wasikimbilie Kisumu kwa mazoea. Eldoret ina ndege za Nairobi, na kwa wengi wao ndiyo karibu. Ila angalia ndege inatua wapi. Baadhi ya ndege za Kisumu na Eldoret hutua Wilson badala ya JKIA, na kutoka Wilson hadi JKIA na mizigo, saa za foleni, ni safari nyingine ya jasho. Mtu huona nauli nzuri, akalipa, akagundua jina la uwanja siku ya kusafiri.

Nakuru ni habari tofauti, na hapa nabadilisha ushauri. Hakuna ndege ya abiria ya ratiba pale, na kilomita 160 hadi Nairobi si mbali. Kwa ndege ya jioni, mtu wa Nakuru aondoke asubuhi mapema kwa gari la kukodi au la jamaa, aingie Nairobi Expressway kutoka Waiyaki Way, ashukie JKIA bila kupita katikati ya jiji. Matatu za Nakuru humwacha abiria Nyamakima na pilikapilika zake, na kutoka pale na masanduku mawili bado utahitaji teksi. Mkiwa wanne, gari la kukodi moja kwa moja hadi JKIA laweza kukaribia gharama ya matatu na teksi mkijumlisha, nanyi mmelindwa na wapiga mifuko.

Msimu wa Krismasi una faida ambayo sisi wa magharibi hatuitumii vya kutosha. Kuanzia katikati ya Desemba umati unatoka Nairobi kuja ushago. Nauli ya kuja huku inapaa, lakini anayekwenda Nairobi anakwenda kinyume na mkondo na viti vipo. Januari mwanzoni mambo hugeuka: shule zinafunguliwa, kila mtu anarudi Nairobi. Hivyo meli ya tarehe 20 Desemba ni rahisi kuifikia kuliko ya tarehe 3 Januari. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua ya Desemba.

Usiku wa Nairobi, usiku wa bandarini

Tuseme walimu wanne wa Kondele, Kisumu, wana meli Durban siku ya Ijumaa, inayoondoka saa kumi jioni.

Mpango wa kwanza: wanafika Nairobi Alhamisi kwa basi, wanalala Syokimau au Embakasi kwenye nyumba ya wageni, na Ijumaa alfajiri wanaruka Johannesburg. Safari ni takriban saa nne, na Afrika Kusini iko saa moja nyuma yetu, kwa hiyo wanaiokoa saa moja. Johannesburg wanapita uhamiaji, wanachukua mizigo yao wenyewe hata kama ilipewa lebo ya hadi Durban (ndiyo sheria ya forodha kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia nchi), wanaikabidhi upya kwa ndege ya ndani, wanaruka saa moja na ushei, wanatua King Shaka, kisha teksi ya kilomita 35 hadi bandarini. Kwenye karatasi wanafika. Lakini kila kiungo cha mnyororo huo kinapaswa kushika siku ileile, na ukungu wa JKIA huja saa zilezile wanazotaka kuruka.

Mpango wa pili: Alhamisi asubuhi wanapanda ndege Kisumu, wanaunganisha JKIA mchana, wanafika Durban usiku, wanalala hapo. Hoteli ni ghali kuliko Syokimau, ndiyo. Ijumaa wanaamka, wanakunywa chai, wanaangalia bahari, na saa sita mchana wanakwenda bandarini. Ndege ya jioni ya Johannesburg kwenda Durban ikifutwa kwa ngurumo, na majira ya joto kule, Oktoba hadi Machi, ngurumo za alasiri ni za kawaida, bado wana asubuhi nzima ya ndege nyingine, au hata basi la kilomita zipatazo 570.

Hoteli ya Nairobi inakulinda dhidi ya barabara ya Nakuru tu. Hoteli ya Durban inakulinda dhidi ya barabara ya Nakuru, ukungu wa JKIA, foleni ya uhamiaji, mizigo iliyopotea na ngurumo za Johannesburg. Ni usiku mmoja kwa mwingine, na pesa inayoongezeka ni ndogo ukiiweka kando ya bei ya chumba cha melini ambacho hakirudishwi. Nasema hivi hasa kwa vyama vya akina mama vinavyochanga mwaka mzima kwa safari moja: msibane kwenye usiku huo.

Nairobi naikubalia pale tu ambapo ndege ya kwenda bandarini ni ya moja kwa moja na inaondoka mapema mno, huku meli ikiwa kesho yake. Yaani ulale Nairobi *na* bandarini. Kwa anayekuja kwa basi kutoka Kisii au Busia, usiku mbili hizo si anasa.

Tiketi moja ni ngao

Ukinunua Kisumu hadi Durban kwenye tiketi moja, kiungo kikivunjika ni jukumu la shirika kukutafutia ndege nyingine. Ukinunua Kisumu–Nairobi kwa bei nafuu peke yake, na Nairobi–Durban kwingine, una mikataba miwili isiyojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili litakuandika kwamba hukutokea. Tena mzigo hautapita wenyewe. Utautoa Nairobi na kuukabidhi upya. Nauli ya chini kabisa ya ndege za ndani nayo mara nyingi haina sanduku la kukabidhi, na mtu anayekwenda melini na nguo za chakula cha jioni hasafiri na kibegi cha mkononi.

Tiketi mbili zinaweza kufaa, kwa sharti kwamba kati yake kuna usiku mzima. Saa tatu za JKIA siwezi kuziita pengo.

Kampuni za meli zenyewe huuza ndege pamoja na chumba, na ubora wake ni kwamba ndege hiyo ikichelewa wao ndio wanaohangaika kukufikisha melini. Lakini vifurushi hivyo huanzia viwanja vikubwa. Kisumu huachiwa wewe.

Hoteli ya mtaa upi?

Durban, ukifika mchana, lala upande wa Point au ufukwe wa Golden Mile. Kituo cha meli cha Nelson Mandela kiko Point, na asubuhi ni mwendo mfupi wa teksi. Ukifika usiku sana, Umhlanga inafaa zaidi: iko kati ya uwanja wa ndege na jiji, na hutembei na masanduku katikati ya mji gizani. Usivutiwe na Ballito kwa bei; iko kaskazini ya uwanja wa ndege, upande usio wa bandari. Desemba hoteli za ufukweni hujaa Waafrika Kusini wenyewe walio likizoni, kwa hiyo ubuki miezi kadhaa kabla.

Dubai ina mtego wake: vituo vya meli ni viwili. Mina Rashid iko karibu na Deira na uwanja wa ndege. Dubai Harbour iko kule karibu na Marina na Palm, nusu saa au zaidi bila foleni. Soma jina la kituo kwenye tiketi ya meli kabla ya kuchagua hoteli. Kwa Mina Rashid, Deira inakufaa kabisa: hoteli za bei ya kawaida, chakula cha kila taifa, metro. Hoteli itakutoza pia ada ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku, kulingana na nyota zake.

Na tarehe iangaliwe vizuri. Ndege ya jioni kutoka Nairobi inaweza kutua Dubai saa saba usiku. Ukitua usiku wa kuamkia tarehe 12, chumba unachohitaji ni cha tarehe 11. Ukibuki cha tarehe 12, utaketi kwenye kiti cha mapokezi hadi saa nane mchana ukisubiri chumba, na meli inaondoka jioni hiyohiyo.

Barcelona haina hadithi ndefu. Lala karibu na Drassanes au Paral·lel, uko jirani na sanamu ya Columbus ambako basi la bandari huanzia. Uwanja wa El Prat hauko mbali na mji.

Kipi kilipwe kwanza

Hoteli yenye ruhusa ya kufuta bila gharama ndiyo ya kwanza, siku ileile unayoweka amana ya meli, kwa sababu haikupotezei kitu na ubalozi utaitaka. Viza ifuate. Ya Schengen hugharimu euro 90 kwa mtu mzima, inaweza kuombwa hadi miezi 6 kabla, na inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Nafasi za miadi Nairobi huadimika msimu wa kiangazi cha Ulaya, na mtu wa Kisumu ajue atasafiri hadi Nairobi kutoa alama za vidole. Uombe ya kuingia zaidi ya mara moja kama meli itatoka nje ya Schengen. Ndege kamili ilipwe viza ikishatoka. Kwa Durban, ambako hakuna viza ya kusubiri, nunua ndege mapema na uweke nguvu kwenye cheti cha manjano na, kwa wenye watoto, vyeti vya kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi asiyesafiri.

Bima ya safari nayo isomwe. Zipo zinazolipa hospitali tu, na zipo zinazolipa pia meli iliyokuacha kwa sababu ya ndege kuchelewa. Wewe unaitaka ya pili.

Kurudi hubaki nyuma katika mipango, na hapo ndipo hoteli ya Nairobi inapopata kazi yake halali. Meli hushusha watu asubuhi kwa zamu, na kwa hiyo ndege ya kabla ya saa saba mchana kutoka King Shaka ni kujitafutia presha. Ukiruka mchana, ukaunganisha Johannesburg, utatua JKIA usiku, baada ya ndege ya mwisho ya Kisumu kuondoka. Usichukue basi la usiku ukiwa umechoka hivyo. Ubuki Syokimau usiku huo, na tiketi ya Kisumu iwe ya kesho yake saa nne asubuhi.